Makofi ya Jumanne

Makofi yalikuwa wazo langu mwenyewe, kwa hiyo nisimsingizie mtu. Nilipohamishiwa kliniki ya kisukari hapa Same, kila Jumanne nilikuta mabenchi yamejaa watu waliokaa kama wanasubiri hukumu. Mtu anapimwa anakutwa na ishirini na mbili, anaapa kwa jina la Bwana kwamba hajagusa sukari tangu Pasaka. Nikasema hawa wanahitaji kutiwa moyo. Nikaanzisha utaratibu: mgonjwa akipata chini ya nane, namsimamisha, naitaja namba yake kwa sauti, na mabenchi yote yanampigia makofi ya kilo. Moja, mbili, tatu, paa! Daktari Abdulmalik, kijana mpole aliyetoka chuo juzijuzi, alisema ni ubunifu mzuri. Na mimi nikavimba kichwa, maana katika kazi hii sifa huja mara moja kwa miaka mitatu.

Bingwa wa makofi alikuwa Mama Tumainieli. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na sita, mwembamba, mkulima wa maharage na migomba kidogo, kutoka Igangani, kijiji kilichojibanza huko juu milimani. Kadi yake ya kliniki aliitunza kwenye pakiti tupu ya chumvi ili isilowe. Mwezi huu sita pointi moja, mwezi ujao saba kamili, mwezi mwingine tano pointi nane. Kila akisimama kupigiwa makofi aliinamisha kichwa na kuficha mdomo kwa ncha ya kanga, lakini macho yalikuwa yanacheka.

"Mnamwona mwenzenu?" niliwaambia wale wa ishirini na mbili. "Naye anakula ugali kama nyinyi. Tofauti ni nidhamu tu."

Nidhamu. Neno hilo nililitamka mimi, nina mashahidi sitini.

Aliwahi kunilalamikia. Alisema usiku anaamka mara tano kwenda haja ndogo, na miguu yake imekuwa kama imevaa soksi wakati wote, hata akiwa peku. Nikamwambia ni umri, na baridi ya huko juu. Akasema, "Lakini mwanangu, macho nayo yana ukungu." Nikamwonyesha kadi yake, safu nzima ya namba nzuri.

"Mama, mtu anaweza kudanganya. Kipimo hakidanganyi."

Akaamini. Nani angebishana na mashine na mwanamke aliyevaa sare? Daktari naye alipoona zile namba akampunguzia dawa, kutoka vidonge viwili kwa siku hadi kimoja. Tukampigia makofi kwa hilo pia.

Huko Igangani, alinisimulia siku moja, watu walimcheka alipogundulika. Kwao kisukari ni ugonjwa wa wakubwa, wa watu wa vitambi na soda za kila siku. "Wewe sukari umeitoa wapi," wakamuuliza, "na dukani unanunua ya kupimiwa kijiko?" Nikacheka naye. Sikufikiri zaidi ya hapo, nilikuwa na foleni.

Mkubwa mwenyewe wa kijiji hicho alikuwepo, na alikuwa mgonjwa wetu vilevile. Mzee Vitus alistaafu kazi ya serikali Dar es Salaam, akarudi kujenga nyumba ya bati la rangi kwao Igangani. Alikuja kliniki na gari lake jeupe, amekunywa chai, amesoma gazeti. Alikuwa na bima nzuri. Kwa sababu ya hiyo bima, Mzee Vitus hakutegemea kuchomwa kidole tu kama wengine. Alipelekwa maabara kufanyiwa kile kipimo kikubwa kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita, mchana na usiku, sikukuu na siku ya kazi. Kipimo hicho kwa asiye na bima bei yake inakaribia debe zima la maharage, kwa hiyo wengine hatukuwa tunawatajia hata kwamba kipo. Ingekuwa kama kumwonyesha mwenye njaa picha ya pilau.

Ugonjwa mmoja, kijiji kimoja, Jumanne moja. Yeye tulimjua miezi mitatu. Mama Tumainieli tulimjua dakika moja kwa mwezi.

Mwezi wa tatu mvua ilibomoa barabara ya kupanda Igangani. Mwenyekiti akapuliza baragumu, kijiji kizima kikatoka msaragambo, maana kwa Wapare kazi ya wote haina mgonjwa wala mjane. Mzee Vitus alitoa mikate na soda za wafanyakazi, na hilo si dogo, walimshukuru. Mama Tumainieli alitoa jembe lake na mgongo wake. Alikuwa na kandambili. Jiwe likamkata chini ya kidole gumba, naye hakusikia chochote mpaka jirani alipomwambia, "Mama Tumaini, mbona unaacha damu njiani?"

Jumanne iliyofuata alikuja mguu umefungwa kitambaa. Nikamuuliza kuna nini, akasema, "Kajiwe tu, mwanangu." Kipimo kilisoma sita pointi nne. Makofi. Sikumfungua kile kitambaa. Siku hiyo nilikuwa peke yangu, mwenzangu Neema alikuwa na mtoto anayeumwa, na watu walikuwa sitini na wawili. Nimejieleza hivyo mara nyingi, na kila mara naona maelezo yenyewe yamechoka kuliko mimi.

Ndipo ikaja Jumanne ya mwezi wa tano.

Saa mbili na nusu niliona gari la Mzee Vitus likiingia getini, mlango wa nyuma ukafunguka, akashuka Mama Tumainieli. Alikuwa amekaa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, na alishuka akikifuta kwa kiganja asije akawa amekichafua. Alichechemea hadi benchi la mbele. Zamu yake ilipofika nikamchoma kidole huku nimeshaandaa midomo kutangaza.

Kumi na tisa pointi nane.

Nikabadilisha stripu, kile kikaratasi cha kudondoshea damu, nikampima kidole kingine. Ishirini kamili.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu sijioni mtu mbaya. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimemsifia kwa mwaka mzima mbele ya watu, na nilihisi amenidhalilisha. Nikasimama.

"Mama, leo umekula nini?"

"Sijala kitu, mwanangu."

"Au mlipita hotelini na Mzee Vitus? Mkapiga chapati na supu?"

Mabenchi yakacheka. Kicheko cha wale wa ishirini na mbili kilikuwa kikubwa kuliko vyote, walikuwa wamekiweka kiporo muda mrefu. Mama Tumainieli alitazama kile kidole kilichochomwa, kana kwamba ndicho kilichomsaliti.

"Sijala, nesi. Haki ya Mungu. Labda... labda ni gari."

Watu walicheka mpaka mzee mmoja akakohoa. Gari! Sukari ya gari! Hata mimi nilicheka, na nikamalizia kwa sauti ya kufundisha, "Mama, kipimo hakidanganyi."

Daktari akamrudishia vidonge viwili, akamwambia apunguze wanga na aongeze mboga na samaki. Halafu, kwa nia njema kabisa, akamwonyesha lile bango letu la ukutani, la mwanamume amevaa raba nyeupe anakimbia pembeni ya bahari: "Na mazoezi, mama. Nusu saa kila siku." Mama Tumainieli aliliangalia bango kwa heshima, akasema asante, akachukua dawa zake akatoka.

Mzee Vitus alikuwa wa tano nyuma yake. Nilipokuwa nafunga mkono wake kupima presha, akasema polepole, kama mtu mzima anavyomsema mtoto wa mwenzake.

"Nesi Honorata, umemwonea yule mama."

"Shikamoo mzee. Nimemwonea nini?"

"Hajala. Nilimpa chungwa njiani akakataa, akasema hali kitu mpaka apimwe. Nilimkuta kule kwenye kona, chini kidogo ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia, amekaa juu ya jiwe, mguu umemshinda. Nikamwambia panda. Alikataa mara mbili, kwa aibu tu."

"Kwani siku zote huja na nini?"

Mzee akanishangaa. "Na nini? Kwa miguu. Anatoka saa kumi alfajiri na tochi. Nami ndiyo nimejua leo. Mimi naondoka saa moja, jua limeshatoka, yeye ameshafika mbali. Mwaka mzima tumepita njia moja na sikuwahi kumwona."

Mkono wangu ukabaki pale pale juu ya mpira wa presha.

Sikuhitaji kitabu, nilivisoma vitabu hivyo. Mtu anayetembea kwa saa nne milimani, tumbo tupu tangu jioni, mwili wake unachoma sukari iliyo kwenye damu kama kuni. Akifika kwangu saa mbili, damu imeshafagiliwa kama uwanja unaosubiri wageni. Mimi nilikuwa napima uwanja, kisha naipigia makofi nyumba nzima. Jioni anaporudi, ugali wa sembe ndiyo chakula kilichopo, chai ya rangi ndiyo inayomtia nguvu ya kupalilia, na ile sukari inapanda palepale ilipokuwa. Siku ishirini na tisa za mwezi. Kwa hizo siku ndiyo alikuwa anaamka mara tano usiku. Na kwa hizo siku ndiyo tulimpunguzia dawa.

Labda ni gari, alisema. Katika watu sitini, wakiwemo wawili wenye vyeti, ni yeye peke yake aliyeona kilichotokea, na tulimcheka.

Nilimwacha Mzee Vitus na ule mpira mkononi, nikatoka mbio hadi getini. Alishaondoka, hata gari la kumrudisha hakulisubiri.

Mwezi wa sita hakuja. Namba ya simu kwenye kadi ilikuwa ya mwanawe Tumainieli, aliyekuwa machimboni Simanjiro, na kila nilipopiga niliambiwa haipatikani. Nikamtuma Mzee Vitus. Mwezi wa saba aliniletea majibu.

"Nimempelekea salamu zako. Nikamwambia nesi anasema usitembee, njoo na mimi kwenye gari. Amekataa."

"Kwa nini?"

"Anasema akija na gari sukari inapanda. Anasubiri mguu upone aje kwa miguu, apate kipimo kizuri."

Niliketi. "Mzee, umwambie si hivyo. Umwambie nimekosea mimi. Gari halipandishi sukari, mimi ndiye—" Nikajaribu kumweleza kuhusu kutembea na damu na uwanja uliofagiliwa. Alisikiliza kwa makini na kuitikia, na nikaona wazi kwamba yale maneno yakifika Igangani yatakuwa yamebaki "nesi anakusalimu".

Ningepanda mwenyewe. Nimekuwa nikisema hivyo tangu siku ile. Jumamosi ya kwanza nilikuwa zamu. Ya pili kulikuwa na msiba Lembeni. Ya tatu nililala, nalisema wazi, nililala kutwa nzima kwa sababu mwili ulikuwa umegoma. Mlima upo hapo dirishani mwangu, nauona nikifua na nikipika, na miezi mitatu niliuahidi mlima huo kwamba nakuja. Mwezi wa nane Mzee Vitus alikwenda Dar es Salaam kwa wanawe, na hata salamu zikakosa wa kuzibeba.

Mwezi wa tisa aliporudi alikuta majirani wanamsubiri nyumbani kwake. Siku iliyofuata gari jeupe likaingia getini, kiti cha nyuma kimelazwa. Nilisikia harufu kabla mlango haujafunguliwa. Mama Tumainieli alikuwa amefungwa kanga mbili mguuni, na juu yake shuka la kanisani, jeupe, wamama wa usharika wamempa kwa heshima. Kipimo kilisoma ishirini na saba. Weusi ulikuwa umepanda hadi kwenye kifundo.

Nilipiga magoti pembeni ya kile kiti.

"Mama, nisamehe."

Alinigusa kichwani, mkono wa moto. "Nisamehe wewe, mwanangu. Nilikuwa nakunywa vidonge vyote viwili, vikaisha. Nilitaka nipone nije kwa miguu, unipime vizuri."

Daktari aliandika rufaa ya kwenda Moshi bila kuinua macho. Huko walimkata mguu wa kushoto, chini ya goti. Wenye bima wa Igangani ni watatu, yeye si mmojawapo. Usharika ulichanga, na Tumainieli aliuza alichokuwa nacho, sitaki kuhesabu.

Jumanne iliyofuata nilisimama mbele ya mabenchi, nikauliza swali ambalo lingenichukua nusu dakika mwaka uliopita. "Nani leo amekuja kwa miguu kutoka mlimani?" Mikono ishirini na mitatu ikanyooka. Nikafungua daftari. Kumi na mmoja kati yao walikuwa watu wangu wa makofi. Nilimpelekea Daktari Abdulmalik lile daftari. Alivua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa, akaivua tena. "Tumewapunguzia dawa wangapi?" akauliza. Nikamwambia sita. Jioni ile tulikaa tukipanga kadi zao.

Makofi yamekwisha. Nimechora kwa rula safu mpya kwenye daftari, imeandikwa "amefikaje". Bango la mwanamume wa raba nyeupe nililibandua, na hakuna aliyeuliza liko wapi. Daktari aliomba mashine ya kupimia ipelekwe zahanati ya huko juu, ili watu wapimwe huko kwao, siku ya kawaida, wameshakula chakula chao cha kawaida. Mashine imefika. Stripu zake hazijafika. Kila nikiuliza naambiwa ziko njiani, na mimi najua njia ile ilivyo.

Wale kumi na mmoja niliwaeleza mmoja mmoja, kwa mkono wangu begani mwao. Wengi walikasirika. Mama mmoja wa Kiruani alilia kabisa. Si kwa ajili ya sukari, alilia kwa sababu alikuwa ameshawaambia wanawe kwamba kliniki humpigia makofi. Nilimwacha alie. Nilijua anacholilia.

Mwezi wa kwanza, foleni ilikuwa ndefu kutokana na sikukuu. Watu wamekula pilau za Krismasi na mwaka mpya na sasa wamekuja kutubu. Neema alikuwa likizo. Nilikuwa napima, naandika, naita, napima, kichwa chini. Mtu akakaa kwenye kiti mbele yangu. Nikachukua kidole chake bila kuinua macho, nikashika kalamu kwa mkono mwingine, nikauliza kama nilivyomuuliza kila mtu tangu asubuhi.

"Umekuja kwa gari au kwa miguu?"

Nikasikia kitu cha mbao kikisogezwa kwenye sakafu ili kisinizuie, na sauti ninayoijua, haina hasira yoyote, imechoka tu.

"Miguu ipi, mwanangu?"

Nikainua macho. Alikuwa na kadi yake ndani ya ile pakiti ya chumvi. Magongo alikuwa ameyaegesha kwenye meza yangu, na kule getini gari jeupe lilikuwa limeacha mlango wazi. Nikaandika "gari". Nikamchoma. Mashine ikahesabu, ikasoma tisa pointi tatu, namba ya kawaida, ya kweli bila kutisha, ya kwanza ya namna hiyo kwake tangu tufahamiane. Aligeuka kuyatazama mabenchi, akasubiri kidogo kwa mazoea, kisha akajifunika mdomo kwa kanga na kuniuliza kama achukulie dawa dirisha lile lile.